Kiwango cha 135

Katika labo ya kituo chetu cha afya, hapa Bagira, mjini Bukavu, kongosho ilikuwa inatufikia kwa njia moja tu: sukari. Kijana analetwa amekonda, ana kiu isiyoisha, usiku kucha yuko chooni. Tunamchoma kidole, mashine inaonyesha namba kubwa au inagoma kuonyesha namba yoyote, tunamwandikia barua ya kwenda hospitali ya juu. Lipasi, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu, hatupimi. Kemikali zake ni ghali, na huisha muda zikiwa bado zimefungwa. Kwa hiyo, pamoja na miaka yangu yote kwenye hadubini, kongosho niliijua kwa madaftari ya shule tu. Aliyenifundisha ni Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kule Walungu.

Alikuwa amevuka miaka 60. Katikati ya mwaka 2023 macho yake yalianza kuwa ya manjano, mkojo ukawa kahawia, choo kikawa cheupe, na ngozi ikamwasha hadi akawa anajikuna kwa gunzi la mahindi. Tumbo halikumuuma. Nyumbani walifurahi kwamba haumwi. Mimi ndipo nilipoogopa, maana tulifundishwa kwamba manjano yanayomjia mtu mzima kimyakimya ni ya kuhofiwa kuliko yale yanayokuja na kelele. Majani machungu yalichemshwa, maombi yakafanyika, wiki zikapita.

Ekografi ilionyesha kichwa cha kongosho kimevimba, na mirija ya nyongo juu yake imetanuka. Malaria hakuna. Hepatitisi B na C hakuna. Sukari iko juu, kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na kisukari. Daktari alituita watu wachache wa familia akatuambia bila kuzunguka: hii inaelekea kuwa kansa. Simlaumu hata kidogo. Mpe daktari yeyote duniani mzee aliyekonda, mwenye manjano bila maumivu, sukari mpya na uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, atasema hivyohivyo, na mara nyingi atakuwa amesema kweli.

Kisha kikaja kipimo cha CA 19-9, kile cha damu kinachotumika kufuatilia kansa ya kongosho, nacho kimepanda. Familia ikaanza kujadili kiwanja cha Walungu, kama kiuzwe kwa ajili ya upasuaji au kiachiwe watoto. Hapo ndipo nilipoanza kubisha. CA 19-9 hupanda nyongo inapoziba, iwe imezibwa na jiwe, na kovu au na kansa. Tena wapo watu ambao kwa urithi miili yao haiwezi kuitengeneza kabisa, hata kansa ikiwa imeshasambaa. Ni kipimo kizuri cha kumfuatilia mgonjwa ambaye ugonjwa wake umekwisha kujulikana. Kumhukumu nacho mtu ambaye macho yake ni ya manjano ni kukimbilia. Kaka zangu waliniuliza, "Yaya, wewe ni docta?" Mimi si daktari. Ila namba ni kazi yangu.

Kila aliyemwona mzee alimuuliza kuhusu pombe. Swali ni la haki, kwa kuwa pombe na sigara ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mchochota wa kongosho wa muda mrefu. Lakini Baba Mkubwa ni Mpentekoste wa siku nyingi, na swali hilo lilimchoma kuliko sindano zangu. "Miye sikunywaka kanyanga, sikunywaka kasiksi. Muandike ile kwenye karatasi yenu." Tukaandika. Baadaye, nilipoanza kusoma usiku kwa simu, niliona kwamba habari ya ugonjwa uliokuja kuonekana kuwa wake, mchochota wa kongosho unaoletwa na kinga ya mwili wenyewe, ilianza kwa watu wa namna hiyohiyo. Mwaka 1961, Marseille, mji wa Ufaransa ambako divai haikosekani mezani, Henri Sarles na wenzake walieleza habari za wagonjwa ambao kongosho zao zilikuwa na mchochota na zimekakamaa bila sababu ya pombe, huku protini za kinga katika damu yao zikiwa nyingi kupita kawaida. Wakauliza kama mwili wenyewe ndio unaokishambulia kiungo chake. Sarles huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa kongosho za wanywaji. Ninapenda kwamba ni yeye aliyeona kwamba si kila kongosho iliyoharibika imelewa.

Swali lake lilikaa miaka mingi bila jibu. Mwaka 1995, Japani, Yoshida na wenzake walimweleza mgonjwa ambaye kongosho yake ilitulia kwa dawa za steroidi, wakapendekeza kwamba huu uhesabiwe kuwa ugonjwa wa kinga inayomgeuka mwenyewe. Mwaka 2001, madaktari wa Chuo Kikuu cha Shinshu, katika mji wa Matsumoto, mkoa wa Nagano, wakiongozwa na Hamano, walipima damu ya wagonjwa 20 wa aina hiyo na kuilinganisha na ya watu wazima wa afya, ya wenye kansa ya kongosho na ya wenye magonjwa mengine. Katika kingamwili za kundi la IgG kuna aina nne, na ya nne, IgG4, kwa kawaida ndiyo ndogo kuliko zote. Kwa wale wagonjwa 20 ilikuwa imepanda vibaya sana. Wakaweka mpaka: miligramu 135 kwa desilita. Anayezidi hapo ashukiwe kuwa na ugonjwa huu kabla ya kisu kutajwa.

Ni mpaka mzuri. Umewaokoa watu wengi na upasuaji mkubwa ambao huondoa kichwa cha kongosho pamoja na sehemu ya utumbo na mrija wa nyongo. Lakini ulichorwa kwa damu ya watu wa Nagano, na nitarudi kwenye hilo, maana ndilo lililonifanya niandike.

Aliyegeuza mwelekeo wa mambo hakuwa mimi na kusoma kwangu. Alikuwa daktari kijana wa magonjwa ya ndani, hapahapa Bukavu, ambaye badala ya kushika tumbo alianza kushika shingo. Chini ya taya, pande zote mbili, alikuta vivimbe vigumu visivyouma. "Hivi ni vya tangu lini, Mzee?" Hakuna aliyejua. Mama Mkubwa alisema mume wake amekuwa na mashavu ya bosi tangu alipostaafu, tena tulikuwa tunamtania. Daktari akaomba picha za zamani. Baba Mkubwa, kama walimu wote wa kizazi chake, hatupi karatasi. Alitoa kwenye mfuko wa plastiki kadi zake mbili za mpiga kura: ile iliyotangulia uchaguzi wa 2018, na ile mpya aliyopigwa picha mwanzoni mwa 2023. Kwetu kadi hiyo ndiyo kitambulisho, kila mtu anayo. Daktari aliziweka pamoja juu ya meza. Mwili ulikuwa umepungua kati ya picha hizo mbili, taya limepanuka.

Kumbe tangu 2003 Kamisawa na wenzake, huko Tokyo, walikuwa wameshaonyesha kwamba ugonjwa huu haukai kwenye kongosho peke yake. Seli zilezile zenye IgG4 walizikuta kwenye mirija ya nyongo, kwenye tezi za mate na kwingineko. Siku hizi unahesabiwa kuwa ugonjwa mmoja wa mwili mzima, unaoweza kugusa figo, macho, hata ukuta wa mshipa mkubwa wa damu, na kongosho ni mojawapo tu ya milango yake. Iko pia aina ya pili ya mchochota wa kongosho wa kinga, inayowapata zaidi vijana na mara nyingi huenda pamoja na magonjwa ya utumbo mpana; hiyo haipandishi IgG4. Ya Baba Mkubwa ilifanana na aina ya kwanza: mwanamume, umri mkubwa, manjano bila maumivu.

Tulivuka Ruzizi, tukapanda basi Kamembe, tukapita msitu wa Nyungwe hadi Kigali kwa ajili ya skaneri yenye dawa ya kung'arisha. Safari hiyo kila mtu wa Bukavu anaijua, siielezi. Skaneri ilionyesha kitu ambacho ekografi haikukiona vizuri: si kichwa tu, kongosho yote ilikuwa imevimba, imepoteza mikunjo yake, imezungukwa na ukingo mwembamba. Wataalamu wa picha duniani kote husema ni kama soseji, na kweli ukiiona huwezi kuona kitu kingine. Jambo la pili lilinivutia zaidi. Mrija wa ndani wa kongosho ulikuwa umebanwa sehemu ndefu, lakini nyuma ya mbano haukuwa umetanuka. Kansa ikiziba mrija, kwa kawaida nyuma yake hufura.

Damu ya IgG4 ilisafirishwa nje, tukangoja. Jibu lilirudi likiwa juu ya 135, lakini halikufika mara mbili yake. Nyumbani walishangilia. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu vigezo vya kimataifa vilivyokubaliwa mwaka 2011 vinaipa IgG4 nguvu ya kwanza inapozidi mara mbili ya mpaka. Ikiwa kati ya mara moja na mara mbili, ni ushahidi wa daraja la pili. Hata baadhi ya wenye kansa ya kongosho huwa na IgG4 iliyopanda kidogo namna hiyo, na baadhi ya wenye ugonjwa huu wa kinga hawana IgG4 iliyopanda kabisa.

Na hapa kwetu kuna jambo jingine. IgG4 ni kingamwili ya mazoea. Mwili unapokutana na kitu kilekile mara nyingi, kwa miaka, huacha kupigana nacho kwa hasira na kuanza kutengeneza IgG4. Watafiti wa Uholanzi walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba wafuga nyuki wanaoumwa msimu baada ya msimu hujaa IgG4 dhidi ya sumu ya nyuki. Mwaka 2007 ikaonekana kwamba molekuli za IgG4 hubadilishana nusu zao, hivi kwamba kila moja inabaki na mikono miwili isiyofanana, na haiwezi kuunganisha adui kwa adui na kuwasha moto. Sasa ni nani mwingine hukaa mwilini miaka na miaka, akipigana na kinga polepole bila kumuua mwenyeji wake? Minyoo. Filaria na minyoo ya utumbo huipandisha IgG4. Hilo limejulikana muda mrefu katika utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Mwalimu aliyelima shamba la Walungu peku kwa miaka 40 ana sababu nyingine ya kuwa juu ya 135, na hiyo sababu naweza kuiona kwa macho yangu.

Nilimwambia daktari: kabla hatujaisoma hiyo namba, nipe choo chake.

Wenzangu wa labo wanajua kwamba choo kilichopakwa tu juu ya kioo huwakosa minyoo wengi wa aina ya strongiloidi. Hawatoi mayai ya kuonekana kirahisi. Hutoa viluwiluwi, vichache, siku moja vipo, siku nyingine havipo. Njia ya Baermann ni ya zamani na haihitaji umeme mwingi. Unachukua faneli, unaifunga mpira mwembamba wenye kibanio chini, unaweka shashi juu, unaweka choo ndani ya shashi, unajaza maji ya uvuguvugu mpaka yaguse choo. Viluwiluwi hufuata joto, vinatoka, na kwa kuwa haviwezi kuogelea dhidi ya uzito wake vinazama hadi chini ya mpira. Baada ya saa kadhaa unafungua kibanio, unakusanya maji ya chini, unayazungusha kwenye mashine, unaangalia. Uhondo uko kwenye kutofautisha: kiluwiluwi cha strongiloidi kina mdomo mfupi, cha safura kina mdomo mrefu. Kwa choo cha kwanza sikuona kitu. Kwa kilichofuata nilikuta viwili vikipinda maji, wazima, mdomo mfupi. Nikamwita stajeri aje aangalie, maana kitu hiki shuleni wanakiona kwenye picha tu.

Kwa nini niling'ang'ania? Sababu moja ni ile namba. Ya pili ni kubwa kuliko namba. Dawa ya ugonjwa wa Baba Mkubwa ni steroidi, na steroidi hulaza kinga. Strongiloidi anaweza kujizidisha ndani ya mtu yuleyule bila kutoka nje. Kinga ikilala, hutapakaa kwenye mapafu na kwingineko akiwa amebeba bakteria wa utumbo, na wengi wanaofikia hapo hufa. Mtu angeokolewa kongosho akauawa na mnyoo. Ningekuwa na mamlaka, fomu yoyote ya kuanzisha prednisoloni, steroidi ya vidonge, kwa muda mrefu Kivu ingekuwa na mstari wa choo. Sina mamlaka, basi nasema.

Ivermektini ndiyo dawa. Kabla ya kuiandika daktari aliuliza swali ambalo lilimshangaza mzee: umewahi kuishi kwenye misitu ya kaskazini, upande wa Uele? Kule kuna filaria wa jicho, Loa loa, na mtu mwenye wengi sana damuni akinywa ivermektini anaweza kupata madhara mabaya ya ubongo. Baba Mkubwa hakuwahi kufika huko. Hata hivyo nilimtoa damu saa sita mchana, kwa kuwa filaria huyo hutembea damuni mchana, nikaangalia kioo chote. Safi. Akanywa ivermektini. Picha ya kifua ikafanywa kwa ajili ya kifua kikuu, na kipimo cha virusi vya UKIMWI.

Ilibaki nyama. Kufikia kongosho kwa sindano kunahitaji vifaa ambavyo havikuwa karibu nasi, lakini tezi ya chini ya taya iko mkononi. Daktari wa upasuaji alikata kipande kwa ganzi ndogo, mzee akarudi nyumbani siku ileile akiuliza chakula. Kipande kilisafiri kwenye nta. Ripoti ilipokuja nilifurahi kuliko siku ya jibu la damu: seli za plazma, zile zinazotengeneza kingamwili, zimejaa, nyuzi za kovu zimejizungusha, na kati ya seli zenye IgG zaidi ya asilimia 40 zilikuwa na IgG4. Minyoo haifanyi hivyo kwenye tezi ya mate. Sasa picha, damu, tezi na nyama vilisema neno moja, na ile 135 ikawa shahidi mmoja kati ya wengine.

Alianza prednisoloni miligramu 40 kila asubuhi kuelekea mwisho wa 2023. Wajapani hupima kwa uzito, miligramu 0.6 kwa kilo. Hesabu zote mbili zilitufikisha mahali palepale. Mpango ulikuwa wiki nne, kisha kupunguza miligramu 5 kwa awamu. Mtihani wa kweli uko kwenye wiki mbili za mwanzo: ugonjwa huu hutii, na usipotii inabidi kurudi kutafuta kansa. Bilirubini, ile rangi ya nyongo inayoleta manjano, nilimpima mwenyewe na kila mara ilikuwa imeshuka. Gunzi lilirudi jikoni kuwashia moto. Skaneri ya baadaye ilionyesha kongosho imenywea, na taya likarudi kuwa la ile kadi ya zamani.

Ndugu wengine waliposikia kwamba "ni prednisoloni tu" walikasirika. Dawa hiyo inauzwa hapa kwenye kila famasia, bila karatasi, na dada zetu humeza ndugu yake, deksametazoni, ili wanenepe. Kwa nini basi safari zote zile? Nilieleza mpaka nikachoka. Steroidi humpunguzia uvimbe hata mwenye kansa kwa siku chache, humpa hamu ya kula, familia inaamini amepona huku miezi inapotea. Kuwapa steroidi kama jaribio ni kazi ya baada ya kuitafuta kansa kwa uaminifu na kuikosa. Na hivyo vidonge vya kunenepesha, kwa maoni yangu, vinavyouzwa pamoja na pipi, ni aibu yetu sisi sote tunaovaa koti jeupe.

Sukari ilileta tabu. Kongosho iliyojeruhiwa hukosa insulini, na steroidi huongeza sukari juu yake. Kwa wengine kisukari hupungua mchochota unapotulia, kwa wengine kinabaki. Chake kimebaki, cha kadiri. Fufu ya muhogo imekuwa ugomvi wa kila Jumapili, na Mama Mkubwa ndiye hakimu.

Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Benki zilifungwa, barabara zikawa hazieleweki, watu wakakaa na franka za mfukoni. Wakati huo mzee alikuwa ameshuka hadi miligramu 5 kwa siku, na mchungaji mmoja alikuwa amemwambia kwamba aliyeponywa hamezi vidonge. Nilienda kugombana naye, mzee, si mchungaji. Mtu aliyemeza steroidi kwa muda mrefu, tezi zake zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake yenyewe. Akikata ghafla anaweza kuanguka, presha ikashuka, akafa, na watu wakasema ni huzuni ya vita. Nilikuwa nimeshaficha makopo ya akiba tangu Goma ilipochukuliwa mwishoni mwa Januari. Alimeza, akinuna.

Katika miezi hiyohiyo nilisoma kwamba Marekani imeidhinisha dawa iitwayo inebilizumabu kwa ugonjwa huu, Aprili 2025. Utafiti wake ulichapishwa mwishoni mwa 2024: katika wiki 52, ugonjwa uliwarudia asilimia 10 ya waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 60 ya waliopewa maji matupu. Washiriki walikuwa 135. Namba hii inanifuata. Dawa hiyo huziondoa seli za kinga zinazozaa watengeneza-kingamwili, na bei yake siiandiki hapa, inakatisha tamaa. Lakini inafundisha kitu: ukiondoa ukoo huo wa seli ugonjwa unatulia, ingawa IgG4 yenyewe huenda si muuaji. Watafiti wa Kyoto waliwatia panya kingamwili za wagonjwa, wakaona IgG1 ndiyo iliyoumiza kongosho zaidi, na IgG4 ikaonekana kuzuia madhara hayo. Mwaka 2018 walitaja pia shabaha ya mashambulizi, protini ya familia ya laminini, kwa karibu nusu ya wagonjwa wao. Huenda ile namba tunayoiogopa ni ya wazima-moto waliokuja kwa wingi.

Tangu hapo siwaangalii vijana wangu wa sukari kwa macho ya zamani. Vitabu vinasema kijana aliyekonda mwenye sukari kali ana kisukari cha aina ya kwanza, yaani kinga imezila seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa vijana 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini walioanza kisukari wakiwa wadogo: karibu asilimia 65 hawakuwa na kingamwili hata moja ya zile zinazojulikana za aina ya kwanza. Wanahitaji matibabu, insulini wasithubutu kuiacha, lakini kilichoharibu kongosho zao si lazima kiwe kile cha vitabuni. Mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali aina ya tano, inayohusishwa na utapiamlo, miaka mingi baada ya Shirika la Afya Duniani kuuweka ugonjwa huo kwenye orodha mwaka 1985 na kuufuta 1999. Sisi wa Kivu, watoto wa bwaki, ule utapiamlo mkali wa utotoni, hatukuhitaji kuambiwa kwamba njaa huacha alama. Hospitali ya Lwiro, upande wa Kabare, ilitibu watoto wa bwaki kwa miongo, na watafiti wa kwetu wameshaanza kuwafuatilia wale waliotibiwa pale kati ya 1988 na 2007, ambao sasa ni watu wazima. Matokeo ya namna hiyo nayasubiri kuliko dawa yoyote ya bei ya nyumba.

Kwa sasa mabishano yetu ni juu ya kidonge cha mwisho. Ulaya na Marekani wengi huacha steroidi baada ya miezi kadhaa na kungoja waone. Wajapani hubakiza dozi ndogo hadi miaka mitatu, na wana sababu: katika utafiti wao wa 2017 wenye wagonjwa 49, ugonjwa uliwarudia ndani ya miaka mitatu karibu asilimia 58 ya walioacha mapema na asilimia 23 ya walioendelea. Daktari wetu anaitazama sukari ya mzee na angependa aache. Mimi natazama mpaka wa Ruzizi, saa zake za kufungwa, na skaneri iliyo ng'ambo. Ugonjwa ukirudi usiku mbaya, nani atampeleka? Tumekubaliana aendelee na miligramu 5 hadi mwisho wa 2026, apimwe sukari na bilirubini kwangu, na choo kipite kwenye faneli mara moja kwa mwaka, kwa sababu shamba hajaacha kulima, na viatu bado havai.